Mwili Hauzoei Njaa, Hulipa kwa Siri

Liko neno moja ambalo sisi watu wa mijini hulitumia sana tunapotaka dhamiri zetu zitulie. Neno hilo ni "wamezoea." Mama anapita kando ya barabara na mzigo wa kuni mgongoni, jua la saa nane linamchoma utosini, nasi tuliomo ndani ya gari tunasema, "Ah, hao wamezoea." Msichana wa kazi anaamka saa kumi alfajiri, anapika, anafua, anapiga deki, kisha anakula makoko ya sufuria baada ya wenye nyumba kushiba, nasi tunasema, "Huyo amezoea, kwao ndiyo maisha." Ukame unapiga huko Ngorongoro, mtoto wa mfugaji anashinda kwa kikombe kimoja cha chai ya rangi, nasi tunasema, "Watu wa porini hao, miili yao si kama yetu."

Leo nataka tulipime neno hilo. Hatutalipima kwa hasira wala kwa machozi, maana vitu hivyo viwili havikosi kupatikana katika nchi hii na bado neno "wamezoea" linaendelea kutembea mitaani. Tutalipima kwa kipimo cha wataalamu, ambacho kimewahi kuletwa hapa hapa kwetu, kando ya Ziwa Eyasi. Nacho ni kipimo cha maji.

Anayetoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa, akafika Karatu. Watalii walio wengi huishia kununua maji ya chupa hapo na kuendelea na safari hadi lango la hifadhi. Lakini iko barabara nyingine, ya vumbi, iteremkayo kuelekea kusini-magharibi mpaka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu vinavyojulikana hadi masoko ya Nairobi na Dar es Salaam. Mbele ya mashamba hayo ndipo lilipo Ziwa Eyasi, ziwa la chumvi lisilo na mto wa kulitoa maji. Kulizunguka ziwa hilo, katika wilaya ya Karatu, Mbulu na nyingine za jirani, wanaishi Wahadzabe. Hawazidi sana elfu moja, na baadhi yao bado wanategemea mizizi ya kuchimba, ubuyu, matunda ya porini, asali, na nyama ya kuwinda kwa upinde na mshale.

Mwaka 2012 lilitolewa andiko moja la kitaalamu ambalo liliwashangaza watu wa afya duniani kote. Kiongozi wake alikuwa Herman Pontzer, wakati huo akifundisha New York, na miongoni mwa wenzake alikuwemo mwanaakiolojia wetu, Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka. Mhadzabe anatembea kutwa, anachimba, anapanda miti kurina asali, anabeba nyama. Karani wa London au wa New York anakaa kitini kutwa. Je, mwili wa Mhadzabe unachoma chakula kiasi gani zaidi ya mwili wa karani?

Sasa, ndugu msikilizaji, utampimaje mtu anayekimbiza swala? Maabara huweza kumfungia mtu katika chumba kisichopitisha hewa, wakapima kila pumzi anayoitoa. Lakini mtu aliyefungiwa chumbani si mwindaji tena. Ukimuuliza alikula nini jana, atakueleza kwa uungwana, ila atasahau ile asali aliyoilamba mtini. Kipimo kilichotumika, basi, kilikuwa ni maji ya kunywa, yanayoitwa maji yenye alama mbili.

Maji, kama tulivyofundishwa shule, ni haidrojeni na oksijeni. Lakini haidrojeni si zote zenye uzito mmoja. Katika kila atomu elfu sita na ushei za haidrojeni, moja ni nzito kuliko wenzake. Katika kila atomu 500 hivi za oksijeni, moja nayo ni nzito. Ndugu hao wa atomu moja, wenye tabia moja na uzito tofauti, ndio wanaoitwa isotopu. Hapa ni lazima niondoe hofu, kwa sababu neno isotopu limezoeleka kuandamana na mabomu na mionzi. Zipo isotopu zitoazo mionzi, na zipo zilizotulia zisizotoa kitu. Zinazonyweshwa watu katika kazi hii ni hizo zilizotulia. Kwa kweli unazinywa kila siku. Ndoo ya lita 20 uliyojaza bombani asubuhi ina haidrojeni nzito ya kutosha kutengeneza gramu 3 hivi za maji mazito. Mtaalamu hafanyi ila kukuongezea kidogo juu ya zile ulizo nazo, ili aweze kuzifuatilia zikitoka.

Hebu tulione jambo hili kwa mfano wa zizi. Chukua zizi lenye milango miwili. Mlango mmoja unakwenda kisimani, wa pili unakwenda malishoni. Ndani umeweka ng'ombe wekundu 100 na weupe 100. Wekundu wanajua mlango wa kisimani peke yake. Weupe hupita mlango wowote. Unaondoka, unarudi jioni, unahesabu waliobaki: wekundu 60, weupe 50. Wekundu 40 wametoka, na wote ni kwa mlango wa kisimani. Weupe waliotoka ni 50. Kama 40 kati yao waliandamana na wekundu kisimani, basi 10 wamepita malishoni. Hukusimama mlangoni, hukuhesabu kwato hata moja, lakini umeujua mlango wa malishoni umepitisha wangapi.

Mwili ndio zizi hilo. Haidrojeni nzito ni ng'ombe wekundu, nayo hutoka kwa njia ya maji tu: mkojo, jasho, na mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito ni ng'ombe weupe. Hutoka na maji, na tena hutoka na hewa ya ukaa, kwa sababu ndani ya damu oksijeni ya maji huchanganyika na ile ya hewa ya ukaa. Na hewa ya ukaa ni moshi wa jiko la mwili. Ukijua moshi uliotoka kwa siku kumi, umejua kuni zilizoungua. Mtu anakunywa maji yake, anakwenda zake kuwinda, na kila baada ya siku kadhaa anatoa mkojo kidogo katika chupa. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Iliyobaki ni ya mashine ya kupima uzito wa atomu.

Mbinu hii haikubuniwa kwa ajili ya watu. Nathan Lifson na wenzake huko Minnesota, Marekani, waliieleza mwaka 1955 kwa kuwapima panya. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya binadamu kupimwa, mwaka 1982, kwa sababu oksijeni nzito ilikuwa ghali mno kumtosha mtu mzima. Kutoka panya wa Minnesota mpaka wawindaji wa Eyasi ni safari ya zaidi ya nusu karne.

Waliopimwa ni Wahadzabe 30, wanawake 17 na wanaume 13. Wanaume walitembea wastani wa kilometa 11.4 kwa siku, wanawake kilometa 5.8. Na je, moto? Wanaume walichoma wastani wa kilokalori 2,649 kwa siku, wanawake 1,877. Takwimu hizi zilipowekwa sambamba na za watu wa Marekani na Ulaya, na baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, tofauti iliyotarajiwa haikuonekana. Mwindaji anayetembea kutwa na karani anayekaa kutwa, kwa miili ya ukubwa mmoja, wanachoma karibu sawasawa.

Wengi walilisoma jambo hili kwa jicho la kitambi. Walisema, kumbe kunenepa kwa watu wa mijini kunatokana zaidi na kinachoingia mdomoni kuliko na uvivu wa miguu. Hilo lina maana yake, nasi wa Dar es Salaam na Arusha tulitie akilini: kukimbia asubuhi ufukweni kisha kumaliza sahani mbili za chipsi kuku jioni hakutapunguza mkanda. Kutembea kuna faida kubwa kwa moyo, kwa sukari ya damu na kwa akili, na Wahadzabe wanajulikana kwa mioyo yenye afya hadi uzeeni. Lakini kutembea si kibali cha kula bila kipimo.

Mimi, hata hivyo, nataka tulitazame upande wa pili. Kama jumla ya matumizi ni ile ile, na mwindaji anatumia sehemu kubwa zaidi kwa kutembea na kuchimba, basi kuna mahali anapobana. Mwenye mshahara mmoja akiongeza nauli, hupunguza mboga. Mwili wa mwindaji unapunguza nini?

Jibu la Pontzer na wenzake ni kwamba mwili una bajeti. Kazi ya misuli ikizidi, mwili hupunguza matumizi mengine yasiyoonekana kwa macho. Wapo wataalamu wanaoubishia ukali wa kanuni hiyo, nao wana hoja zao, maana mtu akifanya kazi nzito sana hawezi kukwepa kabisa gharama yake. Lakini kwamba mwili hugawa na kubana, hilo lina ushahidi kutoka pande nyingi, na ushahidi mmoja mzito hautokani na maji. Unatokana na kipimo cha nyama yenyewe, yaani protini.

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu wanaporudi kutoka mbali hutuambia, "Mbona hujabadilika!" Ukweli ni kwamba umebadilika sana. Mwili wako haukai kama nyumba iliyokwisha kujengwa. Ni nyumba ambayo kila siku mafundi wanabomoa kuta na kujenga nyingine pale pale, usiku na mchana, bila wewe kusikia nyundo. Mtu mzima wa kilo 70 hivi hula protini gramu 70 au 80 kwa siku. Lakini protini ambayo mwili wake hujenga kwa siku hiyo hiyo ni kiasi cha gramu 300. Gramu hizo hazitoki sahanini peke yake. Nyingi ni tofali za kuta zilizobomolewa jana, zikatumika tena leo.

Aliyefumbua siri hii ni Rudolf Schoenheimer, mtaalamu Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933 na kupokewa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Katika chuo hicho Harold Urey alikuwa amekwisha kugundua haidrojeni nzito mwaka 1931, na baadaye ikapatikana naitrojeni nzito. Schoenheimer na mwenzake David Rittenberg waliwalisha panya chembe za protini zilizotiwa alama hiyo. Wakati huo wengi waliamini kwamba mwili ni kama injini: chakula ni petroli, kinaungua, kinatoka. Kama ndivyo, alama ilipaswa kutoka yote katika mkojo. Haikutoka. Zaidi ya nusu ilikutwa imejengewa ndani ya miili ya panya, ingawa panya hao walikuwa watu wazima ambao uzito wao haukuongezeka. Injini gani hiyo ambayo petroli yake hugeuka kuwa vyuma vya injini?

Basi, ujenzi huo unapimwaje kwa mnyama aliye hai, bila kumchinja? Turudi Mang'ola, kwenye mifereji ya vitunguu inayopokea maji ya chemchemi. Mkulima anataka kujua mfereji unapitisha maji kiasi gani, wala hana mita. Achukue rangi, aidondoshe juu ya mfereji kwa kipimo kimoja, tuseme glasi moja kila dakika, bila kukoma. Kisha ashuke chini kidogo, mahali rangi ilipokwisha kuchanganyika, achote maji atazame. Akikuta katika kila glasi 100 moja ni rangi, basi mfereji unapitisha glasi 100 kwa dakika. Akikuta rangi imefifia, ni moja katika 500, basi maji ni mengi, glasi 500. Kadiri rangi inavyopauka, ndivyo mkondo ulivyo mkubwa.

Mtaalamu hufanya hivyo hivyo. Rangi yake ni glisini, moja ya chembe ndogo zinazounda protini, iliyotiwa naitrojeni nzito. Humpa mtu au mnyama kidogo kidogo kwa saa nyingi, kisha hutazama mkojo: naitrojeni nzito imepauka kiasi gani? Kutokana na hapo hujua mkondo mzima wa protini mwilini. Baada ya hapo ni hesabu ya duka. Mapato ya mkondo ni mawili: chakula kilicholiwa na kuta zilizobomolewa. Matumizi ni mawili: kuta zilizojengwa, na zile chembe zilizochomwa ambazo naitrojeni yake hutoka katika mkojo. Ukitoa kilichotoka kwenye mkojo, umepata kilichojengwa. Ukitoa kilicholiwa, umepata kilichobomolewa.

Ujenzi huu una gharama. Makisio ya kawaida ni kwamba asilimia 15 hadi 20 ya moto tunaouchoma tukiwa tumelala tu huenda katika kujenga protini. Kwa hiyo, mwili unapotafuta mahali pa kubana, hapa pana fungu nono. Na ndipo unapobana.

Jambo hili lilidhihirika kwa watoto. Huko Jamaica, kuanzia miaka ya 1950, daktari John Waterlow alianzisha kituo cha kuwatibu na kuwachunguza watoto wenye utapiamlo. Kwetu Afrika Mashariki, Waingereza walikuwa na kituo cha namna hiyo Mulago, Kampala, kwa ajili ya unyafuzi, ule ugonjwa uitwao pia kwashakoo, unaovimbisha miguu ya mtoto na kumfanya nywele zake ziwe nyekundu. Walipowapima watoto wa Jamaica kwa naitrojeni nzito, walikuta kwamba mtoto aliyedhoofika amepunguza kujenga na amepunguza kubomoa. Mafundi wamerudishwa nyumbani. Kazi imesimama ili mlinzi apate chochote cha kula. Na mtoto alipoanza kupona, mafundi walirudi kwa fujo, kujenga kukazidi hata kule kwa mtoto wa kawaida, na kubomoa nako kukaongezeka.

Tufikiri maana yake nyumbani. Mtoto mwenye njaa ya muda mrefu huwa mkimya. Halii sana, hachezi sana, hasumbui. Jirani akipita husema, "Mtoto huyu ana adabu, ametulia." Na mwingine husema, "Amezoea." La hasha! Hajazoea. Amefunga karakana. Kuta za utumbo wake hazikarabatiwi, askari wa damu wanaopigana na maradhi hawaajiriwi, mifupa hairefuki. Ndiyo maana mtoto kama huyo akipatwa na kuhara kwa siku mbili tu huondoka. Na ndiyo maana hospitali hazimshindilii chakula siku ya kwanza. Huanza na maziwa mepesi yaitwayo F-75, kisha mwili ukiamka hupewa F-100 yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo mzazi au jirani mwenye mtoto wa namna hiyo asimpike nyama kilo nzima nyumbani akidhani anamwokoa. Ampeleke kituo cha afya.

Mfano mwingine ni wa mbali, Ekuado, Amerika ya Kusini, kwa watu waitwao Shuar waishio msituni. Mwaka 2019 Samuel Urlacher na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima watoto wao kwa maji yale yale yenye alama mbili. Walikuta kwamba mtoto wa Shuar akiwa amepumzika tu anachoma moto zaidi kwa asilimia 20 kuliko mtoto wa nchi tajiri, na sababu wanayoiona ni vita vya kila siku na minyoo na maradhi. Lakini jumla ya siku nzima ilikuwa sawa na ya mtoto wa nchi tajiri. Vita vilipewa fedha, na fungu jingine likakatwa. Watoto wa Shuar ni wafupi.

Na sisi? Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Uchunguzi uliotangulia, wa mwaka 2015 na 2016, ulionyesha 34. Tumepiga hatua, lakini 30 kati ya 100 ni darasa zima katika kila madarasa matatu na kitu. Watoto hao hawakuzaliwa wafupi kwa sababu ya kabila. Mwaka 2021 takwimu za watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29 zilikusanywa pamoja, zote za maji yenye alama, na zikaonyesha kwamba mtoto anapofika mwaka mmoja, moto wake kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili ni zaidi ya wa mtu mzima kwa nusu nzima. Huo ndio umri ambao wengi wetu humpa mtoto uji mwembamba wa mahindi mara mbili kwa siku, tukimwambia mama asimdekeze.

Wafugaji wanalijua somo hili bila isotopu. Mwaka 2009 ukame uliua ng'ombe wengi sana Longido, Monduli na Ngorongoro. Mfugaji haoni naitrojeni, lakini anaona daftari la mwili likifungwa ukurasa kwa ukurasa. Kwanza ng'ombe anaacha kupanda dume. Kisha maziwa yanakauka. Kisha nundu inalala. Kisha nyama ya mapaja inaliwa na mwili wenyewe, kwa kuwa kubomoa kunaendelea na kujenga kumesimama. Ng'ombe bado anatembea, bado anafika kisimani, na asiyejua atasema, "Ng'ombe wa Kimasai hawa, wamezoea ukame." Mwenye ng'ombe hasemi hivyo. Anajua kwamba anayetembea leo huenda kesho asinyanyuke.

Nawakumbusha pia kwamba mjadala wa "miili yao si kama yetu" ni wa zamani. Mwaka 1931 John Boyd Orr wa taasisi ya Rowett, Scotland, pamoja na daktari Gilks wa Kenya, walichapisha uchunguzi uliolinganisha Wamasai na Wakikuyu. Hawakuwa na maji ya alama. Walikuwa na mizani, futi na kipimo cha nguvu za misuli. Wamasai walionekana warefu zaidi, wazito zaidi, wenye nguvu zaidi. Katika zama zile za ukoloni ilikuwa rahisi sana kusema ni damu ya kabila. Wao walielekeza kidole kwenye chakula: huku maziwa, nyama na damu, kule nafaka na viazi. Orr huyo alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kwa hiyo basi, ndugu wasikilizaji, tumelipima neno letu kwa maji ya Eyasi na kwa mfereji wa Mang'ola. Mhadzabe hana injini ya ajabu. Akila vizuri, kwa mizizi yake, asali yake na nyama yake, mwili wake unaendesha maisha magumu kwa bajeti ile ile ya mwili wako na wangu, na anakuwa na afya ambayo wengi wetu tutaionea wivu. Nyika ndiyo ghala yake. Ukilichukua pori hilo kwa mashamba, kwa mifugo au kwa kambi za starehe, humnyang'anyi mandhari. Unakata fungu katika bajeti ambayo haina akiba. Na atakapokaa kimya, usiseme amezoea.

Naona pia deni moja la wasomi. Mtafiti anayekuja hapa nchini huomba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na akigusa mwili wa mtu hupitia Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ni utaratibu mzuri. Lakini matokeo yakishatoka, hutoka kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hata mwalimu wa sekondari pale Karatu hayapati. Mtu aliyekunywa maji yako na kukupa mkojo wake ana haki ya kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, ulikuta nini ndani yake. Vyuo vyetu viwe na desturi ya kurudisha majibu kijijini, kwa mkutano wa hadhara, chini ya mti, na maswali yaulizwe.

Na kwetu sisi tulio mijini, kazi ni ya leo jioni. Tazama nani anakula mwisho nyumbani mwako. Kama ni yule yule anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, basi kuna hesabu inayoandikwa ndani ya mwili wake, nawe huioni. Haiandikwi usoni. Atacheka, ataitika "Abee mama," atabeba ndoo. Hesabu hiyo itasomeka miaka mingi baadaye, siku atakapobeba mimba, siku atakapougua, au siku mtoto wake atakapopimwa urefu kliniki. Msogezee sahani mapema, na iwe na maharage, dagaa au yai, si ugali na mchuzi wa juu juu tu.